Land Rover 109 iliyo juu ya mawe: Ni mtaji au ni mtego?

WAPO wasomaji wa ukurasa huu ambao, baada ya kuona hisa zimetulia na biashara ya duka inakwenda kwa kusuasua, huanza kuitazama kwa jicho la tamaa ile Land Rover kuukuu iliyo juu ya mawe nyuma ya nyumba ya jirani. Wamesikia kwamba wazungu wanayatafuta magari hayo. Wamesikia kwamba mtu fulani wa Arusha aliuza moja kwa fedha za kujengea nyumba. Swali linalotufikia mara kwa mara ni moja tu: je, mtu asiyejua hata kufungua plagi anaweza kununua gari la namna hiyo, akalifufua na akapata faida?

Jibu ni kwamba anaweza, lakini wengi wanaojaribu hupata hasara, na hasara hiyo hutokea siku ya kununua, si siku ya kuuza. Ndiyo maana leo tunaweka kando bei za mazao tuichambue biashara hii.

Kwanza tuelewane ni gari gani. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Zilizojaa nchini kwetu ni zile za Series II, IIA na III, zilizotengenezwa kuanzia 1958 hadi 1985. Kuna fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109, na vipimo hivyo ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ile 109 ndiyo iliyobeba serikali, mashirika ya umma, misheni, polisi na hospitali za wilaya. Kwa majirani zetu wa Kenya ziliunganishwa pia Thika katika kiwanda cha Leyland miaka ya 1970. Injini yake ya petroli iliyozoeleka ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 2286, na ipo ya dizeli yenye ukubwa huo huo.

Kwa nini tunaanza na Land Rover na si Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishindia mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967? Peugeot ni gari zuri, na wenye moyo nalo wanajulikana. Lakini Peugeot haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi, na bodi ikioza gari limekwisha. Land Rover ina chesisi ya chuma chini, na juu yake bodi ya aluminiamu iliyofungwa kwa bolti, kipande kwa kipande. Anayejifunza anaweza kuifungua kwa spana za kawaida, akaona kila kitu, na akakosea bila kuua gari zima. Hiyo ni faida kubwa kwa mgeni wa kazi hii.

Bei

Kila soko lina sakafu yake na dari yake. Sakafu ya Land Rover iliyokufa ni bei ya chuma chakavu. Mnunuzi wa skrepa huja na mizani, hupima chesisi na injini kama chuma, na hupima bodi kama aluminiamu. Milango mingi iliyowahi kufunguliwa na mkuu wa wilaya leo ni sufuria jikoni kwa watu. Muuzaji yeyote mwenye akili anaijua bei hiyo, kwa hiyo usitegemee kumpunja chini ya hapo.

Dari huwekwa na watu wa aina tatu. Wapo wenye makampuni ya utalii na wakodishaji wa magari ya harusi na ya picha. Wapo wapenzi wa magari wa hapa Afrika Mashariki: Nairobi wamekuwa na maonyesho yao ya Concours d'Elegance tangu 1970, mbio za Safari Classic za magari ya zamani zilianza 2003, na Arusha mwaka 2024 ilikusanya msafara wa Land Rover ambao waliouona hawatausahau. Kisha wapo wanunuzi wa nje. Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kulazimishwa kutimiza kanuni zao za usalama za magari mapya, na Uingereza gari lililotimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara. Tangu Land Rover ya mtindo wa zamani ilipoacha kutengenezwa kule Solihull mwezi Januari 2016, hamu ya watu imezidi, hata kiwanda chenyewe kikaanza mwaka huo huo kufufua na kuuza zile za Series I.

Hata hivyo msomaji asichanganye bei ya gazeti la London na bei ya Manzese. Waingereza wana Land Rover zao tele. Wanachokosa ni chesisi kavu, kwa sababu mvua na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi vimezila za kwao. Gari lililokaa Singida miaka 30 lina thamani kwao kwa sababu hiyo tu. Lililokaa Tanga au Mtwara karibu na bahari halina sifa hiyo, hata likipakwa rangi ya dhahabu.

Kuna jambo jingine linalosaidia bei zisiporomoke. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na hapa kwetu gari kuukuu linaloingizwa hutozwa kodi ya ziada. Maana yake ni kwamba Land Rover zilizopo ndizo hizo hizo, na kila moja inayoingia kwenye tanuru la skrepa inapunguza idadi.

Karatasi

Nilifika Manyoni siku moja kwa ajili ya alizeti, nikaonyeshwa 109 chini ya mkwaju. Kuku walikuwa wameatamia kwenye kiti cha dereva. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umefuata mafuta au umefuata gari?"

"Nilifuata alizeti, mzee wangu, lakini macho yameangukia gari. Liliharibika lini?"

"Halikuharibika. Nililizima mwenyewe, betri ndiyo iliyonishinda."

"Na kadi ipo?"

"Kadi ipo. Ila jina ni la shirika."

Hapo ndipo mnunuzi mgeni anapopaswa kusimama na kukaa chini kwenye kigoda. Magari mengi ya aina hii yaliuzwa kwa mnada wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakifilisiwa na kubinafsishwa miaka ya 1990. Aliyenunua alipewa stakabadhi, akaendesha, akamuuzia mwingine, naye akamuuzia wa tatu, na hakuna hata mmoja aliyebadilisha jina. Leo kadi inasoma jina la shirika ambalo halina ofisi, halina meneja, halina mtu wa kutia saini.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza bei, omba kuona mambo yafuatayo: kadi ya gari, stakabadhi na barua ya mnada, na hati za mauziano za kila mkono uliopitia. Mnyororo ukikatika katikati, kuunganisha ni kazi ya wakili na miezi ya kwenda na kurudi TRA. Kama mwenye jina amefariki, anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si mtoto mkubwa au mjane kwa maneno yake tu. Tumewaona watu waliofufua gari likang'aa, halafu ndugu wa marehemu wakatokea wakilidai.

Mtego wa tatu ni magari yaliyoingizwa kwa msamaha wa kodi na misheni au miradi ya wafadhili. Likihamia kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi hudaiwa. Uliza TRA kabla, kwa maandishi.

Linganisha namba. Namba ya chesisi ya Series II na III imegongwa kwenye chuma cha chesisi mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa, na ipo pia kwenye kibati ndani ya kebini. Chukua brashi ya waya na mafuta ya taa, safisha, usome kwa macho yako. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku upande wa kushoto karibu na mbele. Ikiwa kadi inasema petroli 2286 na ndani umekuta dizeli ya Kijapani, si mwisho wa dunia, maana wengi walibadilisha ili kuokoa mafuta, lakini badiliko hilo lazima liingizwe kwenye kadi, na mpenzi wa magari ya zamani atakukata bei. Mnunuzi anayetaka gari la kazi, kwa upande mwingine, ataifurahia injini hiyo. Amua mapema unamtengenezea nani.

Jambo moja limerahisika. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyowafanya wengi waogope kugusa gari lililolala, ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na ushuru ukahamishiwa kwenye mafuta.

Chesisi

Sasa nieleze hasara yangu mwenyewe, kwa kuwa msomaji ataamini zaidi akiona jeraha. Land Rover yangu ya kwanza niliinunua pwani. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani iliyokolea, viti vimeshonwa upya, na chini imepakwa lami nyeusi nzito "kuzuia kutu", kama muuzaji alivyonieleza. Iliwaka kwa mara ya kwanza. Niliizunguka kwenye uwanja, nikatoa fedha. Baada ya miezi miwili springi ya nyuma ilichomoka kwenye kishikizo chake njiani. Fundi alipojaribu kuchomelea, moto ulipita upande wa pili kama vile anachoma karatasi. Ile lami haikuwa inazuia kutu, ilikuwa imeibeba. Ndani ya chesisi kulikuwa na mabati, gazeti na simenti. Niliiuza vipande vipande, nikarudisha theluthi moja ya fedha zangu.

Tangu siku hiyo naenda kutazama gari nikiwa na vitu vinne: nyundo ndogo, bisibisi kuukuu, tochi na nguo za kulala chini. Chesisi ya Land Rover ni mfano wa sanduku refu, nayo huoza kuanzia ndani, mahali ambapo maji na udongo vimekaa. Gonga kwa nyundo polepole kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa kama ya debe lenye mchanga. Ukiwa na shaka, sukuma bisibisi. Ikizama, umepata jibu. Muuzaji akikataa usigonge, umepata jibu vilevile.

Sehemu za kuangalia kwa makini ni ile mbao ya chuma ya nyuma inayovuka gari zima, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, vishikizo vya springi zote nne, na chini ya betri ambako tindikali humwagika. Halafu panda juu utazame ule ukuta unaotenganisha injini na dereva. Huo ni wa chuma, si aluminiamu, nao huoza chini ya miguu na kwenye nguzo za milango. Bodi ya aluminiamu haishiki kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma kwa miaka mingi hutoa unga mweupe na kutoboka. Hilo ni dogo.

Kutu ndogo ya mahali pamoja huchomelewa kwa kukata kipande chote kibovu na kuweka chuma kipya cha unene ule ule. Kubandika bati juu ya kutu ni kumdanganya mnunuzi ajaye na kujidanganya mwenyewe. Chesisi iliyokwisha kabisa ina dawa, kwani Uingereza vipo viwanda vinavyotengeneza mpya zilizochovywa zinki, lakini ukijumlisha bei, meli na ushuru, hesabu ya mwekezaji mdogo inakuwa imeanguka. Mwachie mwenye fedha za kuchezea.

Kwa ufupi, nunua chesisi na karatasi. Injini iliyokwama, gia boksi inayolia, viti vilivyoliwa na panya, taa zilizovunjika: hivyo vyote vinanunulika Gerezani, Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, na vingi bado vinatengenezwa upya nje. Mgeni wa kazi hufanya kinyume. Hulipa ziada kwa ajili ya rangi na kuwaka.

Kuiamsha injini

Makosa makubwa kuliko yote hufanyika siku ya kwanza, betri mpya ikiwa mkononi na vijana wa mtaa wakishangilia. Injini iliyolala miaka haiwashwi siku hiyo. Ringi zinaweza kuwa zimeshika kutu kwenye kuta za silinda, na ukilazimisha kwa stata au kwa kuvutwa na lori, utavunja ringi au kupasua pistoni, na injini ambayo ingeamka itahitaji ovaholi.

Fungua plagi zote nne. Mimina kijiko kimoja cha mafuta ya injini katika kila silinda, uache siku mbili au zaidi. Kisha chukua hendeli. Land Rover hizi, ashukuriwe aliyezibuni, zina tundu la hendeli mbele. Plagi zikiwa nje, gia ikiwa huru, zungusha kwa mkono taratibu. Ikigoma usitumie bomba refu kuongeza nguvu. Ongeza mafuta, subiri, jaribu tena kesho. Nimeona moja iliyokubali baada ya siku tisa.

Ikishazunguka, mwaga oili ya zamani. Ikitoka yenye rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ama kwa gasketi ya hedi ama kwa ufa. Ikitoka na chembe zinazometa, beringi zimekula. Oili safi ya 20W-50 ndiyo iliyozoeleka, pamoja na filta yake. Usisahau gia boksi, difu mbili na vile vifundo vya mviringo vya magurudumu ya mbele, ambavyo kila kimoja kina oili yake na mara nyingi vimekauka.

Petroli iliyokaa miaka hugeuka gundi. Mwaga tanki lote, lisafishe, badilisha mipira yote ya mafuta, fungua kabureta uoshe vijitundu vyake kimoja kimoja. Upande wa umeme, safisha pointi za distributa kwa msasa laini na uweke nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, plagi milimita 0.75. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na hapa ndipo fundi wa magari mapya anapokosea, akizipanga waya kwa mazoea ya 1-3-4-2 lakini akianza kuhesabu upande usio wake. Silinda namba moja ni ile ya mbele kabisa, upande wa rejeta. Kwa zile za mwanzoni mwa miaka ya 60 chunguza pia waya wa betri ulioshikwa na bodi, maana zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye bodi, si hasi. Ukigeuza bila kujua unaunguza vitu.

Suuza rejeta na njia za maji mpaka yatoke meupe. Badilisha mipira na mkanda wa feni. Ndipo uwashe, ukiwa na ndoo ya mchanga karibu, na uiache inguruma bila mzigo huku ukitazama geji ya oili. Presha isipopanda upesi, zima.

Ikishatulia, azima geji ya kupima mgandamizo, upime silinda zote nne. Hazitakiwi kutofautiana sana. Silinda moja ikiwa chini, mara nyingi ni valvu, si pistoni. Valvu za magari haya zina kisa chake: yalibuniwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo ililinda viti vya valvu. Kusini mwa Sahara petroli ya risasi iliondolewa kufikia mwanzo wa 2006. Kwa mwendo wa pole haina madhara makubwa, lakini anayekimbiza gari masafa marefu atakuta nafasi ya valvu inazibana kila mara. Pima, iwe milimita 0.25 zote, na hedi ikishafunguliwa kwa sababu nyingine weka viti vigumu.

Tahadhari ambayo hatutachoka kuirudia: gari linalowaka si gari linalosimama. Breki za Land Rover hizi ni ngoma magurudumu yote manne, na nyingi zina mkondo mmoja tu wa mafuta. Likivuja gurudumu moja, breki zote zimekwisha. Gari lililolala miaka kumi lina silinda za breki zilizoshika kutu na mipira iliyokufa. Badilisha masta silinda, silinda za magurudumu, mipira na mafuta yote kabla hujalisogeza hata nje ya geti. Usitengeneze nusu. Matairi nayo hufa kwa umri hata yakiwa na meno. Soma tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka.

Daftari

Hapa ndipo wafanyabiashara wa kawaida wanapowazidi mafundi, au wangepaswa kuwazidi. Tuchukue hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, kila mtu aweke za kwake baada ya kuuliza bei.

Umenunua kwa shilingi 5,000,000. Lori la kuleta mjini 1,200,000. Kubadilisha jina, wakili na nauli 600,000. Kuchomelea chesisi na kuipaka 2,000,000. Injini, kabureta, maji na umeme 1,800,000. Breki zote 1,100,000. Matairi matano ya 7.50-16 ni 1,750,000. Viti, turubai, vioo na taa 950,000. Ufundi 2,400,000. Jumla 16,800,000.

Mgeni huishia hapo. Lakini kazi ya matengenezo peke yake, kuanzia chesisi hadi ufundi, ni milioni 10, na katika kazi ya gari la zamani yasiyotarajiwa hayakosi. Weka robo, yaani 2,500,000. Sasa ni 19,300,000. Halafu kuna bei ya fedha yenyewe. Kama ungeweka katika hati fungani yenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka, zile milioni 5 za mwanzo kwa miezi 18 zingezaa 750,000, na zilizobaki, ulizotoa kidogo kidogo kwa wastani wa miezi tisa, zingezaa kama 1,070,000. Gari lako limekugharimu milioni 21 na ushei.

Akitokea mtu na milioni 18, jirani atasema umepata faida ya milioni 13. Kwa kweli umepata hasara ya milioni tatu, na hujajilipa hata siku moja ya kulala chini ya gari. Tazama pia kwamba bei ya kununulia haikufika hata robo ya gharama yote. Kwa hiyo kumbembeleza mzee wa watu apunguze laki mbili, huku ukiacha kugonga chesisi, ni kuokota senti na kudondosha noti.

Hesabu hii hubadilika kwa mambo mawili. La kwanza ni kufanya kazi nyepesi mwenyewe: kufungua, kusafisha, kukwangua, kupaka, kufunga. La pili ni gari kuingiza fedha kabla halijauzwa, kwa mfano harusi za Jumamosi. Hisa ya kampuni hutoa gawio hata ukilala. Gari lililosimama hutoa oili chini tu.

Tunashauri pia mtaji wa gari usiwe wa ada ya shule, wala wa mkopo wa benki. Kazi iliyopangwa miezi sita huchukua miaka miwili, kwa sababu spea moja imekwama njiani au fundi bodi amekwenda msibani kwao. Mkopo hausubiri fundi.

Fundi mwenyewe mtafute kati ya wazee waliofanya kazi katika karakana za serikali. Wengi bado wako hai, na wana kitabu kichwani. Mlipe kwa kazi iliyokwisha, si kwa siku, nunua spea wewe mwenyewe, na hifadhi kila stakabadhi na picha ya kila hatua, hasa chesisi ikiwa uchi kabla ya kupakwa rangi. Mnunuzi makini atalipa zaidi kwa faili hilo kuliko kwa rangi inayong'aa, maana naye ameshawahi kuona lami.

Yule mzee wa Manyoni nilikubaliana naye nilipe theluthi, na zilizobaki zikae mpaka jina litoke. Tulizunguka miezi saba kwa ajili ya stakabadhi moja ya mnada. Chesisi ilikuwa kavu kama mfupa, injini iliamka siku ya nne, na kuku wake walihamishiwa kwenye tenga.

Ikiwa baada ya kununua utagundua kwamba mambo hayaendi, usiendelee kumwaga fedha kwa sababu ulishamwaga nyingine. Simamisha kazi, fungua gari, uuze vipande. Gia boksi nzima na hedi isiyo na ufa hutoka kwanza, kisha difu, milango isiyopondeka, fremu ya kioo cha mbele na rimu. Chesisi na kadi yake usiviuze kwa watu wawili tofauti, kwani namba iliyozuka kwenye gari la mtu mwingine itarudi kwako na polisi. Kinachobaki ndicho cha mwenye mizani.